Draiva ya Nahodha

Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa ufagio na kipande cha gunia. Katibu wa klabu, mzee mstaafu wa reli aliyevaa soksi ndefu hata katika joto la Septemba, alinipeleka kwenye duara la mchanga mweusi lililokuwa mteremkoni, juu ya ziwa.

"Hii tunaiita brauni," akaniambia. "Wenzetu wenye maji ya kutosha wana nyasi laini, wanaziita grini. Sisi tunachanganya mchanga na oili chafu ya magari, upepo wa ziwa usiubebe. Mtu akishatia mpira shimoni, wewe unavuta gunia, unafuta nyayo zake. Anayefuata akute pasafi."

"Sawa, mzee."

"Na Nahodha akipita, acha kila kitu umwamkie."

Mimi mtoto wa mvuvi wa Katonga niliuliza chombo cha huyo nahodha kinatia nanga wapi. Katibu alicheka mpaka akashika magoti. Ndipo nilipojua kwamba nahodha wa gofu ni kiongozi wa wachezaji tu, na maji anayaona kwa mbali kama sisi wengine.

Klabu yetu ilikuwa ndogo: mashimo tisa, nyumba moja ya mabati yenye baraza, na korongo refu lililokata uwanja katikati na kumeza mipira ya watu. Wachezaji walikuwa maafisa waliohamishiwa Kigoma kutoka mikoa mingine, madaktari, watu wa benki, wahandisi. Wengi walikuja wakinuna kwa kuletwa mwisho wa reli, na gofu ilikuwa dawa yao.

Nilifagia brauni kwa muda mrefu kabla sijaingia stoo. Fundi wa stoo alihamia Tabora ghafla, na Jumamosi moja Nahodha wa wakati ule, daktari mpole aliyezungumza kwa sauti ya chini, akaja na fimbo yake imefumuka uzi. Hakukuwa na mtu wa kumsaidia. Nikaomba niione.

Kwa asiyejua, nieleze. Mchezaji ana mfuko wenye fimbo nyingi, kila moja na kazi yake. Iliyo ndefu kuliko zote, yenye kichwa kikubwa mfano wa ngumi, inaitwa draiva. Ndiyo inayofungua kila shimo: mpira unawekwa juu ya kijiti kiitwacho tii, draiva inaupeleka mbali kadiri mtu awezavyo. Zamani kichwa chake kilikuwa cha mti mgumu kutoka ng'ambo, na pale kichwa kinapokutana na mpini palifungwa uzi mwembamba, mzunguko juu ya mzunguko, ili mti usipasuke. Masika uzi unalegea, kiangazi mti unasinyaa. Uzi ukifumuka, draiva inakufa.

Baba yangu alishona nyavu, nami nililelewa na sindano ya nyavu mkononi. Nilichukua uzi wa nailoni wa dagaa, nikaupaka nta, nikaufunga shingo ya ile fimbo na kuuficha mwisho wake chini ya mizunguko, kama tunavyoficha fundo la wavu. Daktari akaigeuzageuza.

"Nani kakufundisha hivi?"

"Baba, mzee. Lakini yeye hufungia samaki."

Jumatatu Katibu akanipa funguo za stoo. Toka siku hiyo nikawa Bi Tabu wa stoo. Nilifunga uzi, nilibadilisha ngozi za vishikio, nilipaka vanishi, nilikaza skrubu za bamba la chini. Daktari alitumia draiva moja miaka yote. Nahodha aliyemfuata, meneja wa benki, alibadilisha draiva kila aliposhindwa, na kila mpya aliisifu wiki mbili tu, kisha akasema mti wake una kasoro. Katibu aliniambia, "Tabu, huyu anatafuta fimbo itakayopiga yenyewe. Haijatengenezwa." Nilidhani wachezaji wote ni wa aina hizo mbili. Nilikuwa sijamjua Nahodha wa tatu.

Huyo wa tatu alikuwa mhandisi kutoka Mbeya, mrefu, mwenye mabega mapana na maneno machache. Tulimwita Bwana Mhandisi. Aliposhika unahodha ndipo ilipoanza ile miaka ya wakimbizi wa Burundi.

Kutoka shimo la tatu ziwa lote lilionekana, mpaka milima ya Kongo hewa ikiwa safi. Asubuhi moja tuliona boti zikija kutoka kaskazini, zimelemewa hadi maji yanakaribia kuingia ndani. Watu walishuka ufukweni na magodoro, masufuria, mbuzi, wengine mikono mitupu. Mchezo ulisimama. Katibu alifungua bomba la klabu, na kwa siku nyingi watu walipanda mteremko kuja kuchota maji, wakipita kwenye brauni zangu. Sikufuta nyayo hizo. Nilianza, nikaona aibu, nikaacha.

Baadaye walipelekwa kambini, mbali na mji. Nyuma yao yakaja magari meupe ya mashirika, na watu wa mashirika wakaja kucheza Jumapili. Hao ndio walioleta draiva za chuma. Kichwa chake ni kitupu ndani, mpini wake mweusi na mwepesi kama bua la mtama. Ya mti ilipogonga mpira ilisema "tok", hii ya chuma ililia kama sufuria iliyoangushwa. Mpira ulikwenda mbali mno. Wanachama wetu walisimama barazani wakimeza mate, na mwezi baada ya mwezi fimbo za mti zilirudi stoo zisichukuliwe. Chuma hakihitaji uzi. Nilikaa na nta yangu mkononi, nikaelewa kwamba kazi niliyoijua inakwisha nikiwa bado na nguvu za kuifanya.

Ni wakati huo alipokuja Nestori.

Alitokea upande wa korongo, mtu mwembamba wa miaka thelathini na kitu, shati limefuliwa mpaka likapoteza rangi. Mikononi alishika mipira aliyookota, akaiweka juu ya meza yangu.

"Bwakeye, mama," alinisalimu. Mama yangu ni Muha, na Kiha na Kirundi ni ndugu, kwa hiyo Kirundi chake hakikunipiga chenga.

"Bwakeye. Umeitoa wapi hii?"

"Korongoni. Nimeona wanaitafuta huku, na imelala kule."

Alikuwa mwalimu wa gofu huko Bujumbura. Mkewe, Spesiosa, alilazwa hospitali yetu kwa ugonjwa wa kifua, na ofisi ya wakimbizi ilimruhusu kukaa mjini kumuuguza. Kibali hicho kiliisha kila mwezi, na kila mwezi alikwenda kusimama kwenye foleni kuomba kingine. Alikuwa amepanga chumba mtaa wa Mwanga, nyuma ya mafundi cherehani. Hakuomba kucheza. Aliomba kazi yoyote itakayompa uji wa mgonjwa.

Nilimwambia Katibu, Katibu akakubali anisaidie stoo. Kwa siku kadhaa alibadilisha vishikio kimya kimya. Kisha jioni moja Daktari, ambaye sasa alikuwa mwanachama wa kawaida, akampa draiva yake ya mti ile ya zamani. "Hebu piga mmoja, mwalimu."

Nestori alivua viatu vyake vilivyochakaa, akasimama peku. Sijui niwaelezeje vijana wa leo. Hakutumia nguvu. Alizunguka, fimbo ikazunguka naye, mpira ukaondoka ukipanda, ukavuka korongo mahali papana ambapo hakuna aliyewahi kuvusha mpira, ukatua kwenye nyasi za upande wa pili na kutulia. Barazani watu waliinuka vitini. Nestori alifuta kichwa cha fimbo kwa pindo la shati, akamrudishia Daktari kwa mikono miwili.

Kesho yake Bwana Mhandisi akamwita. "Utanifundisha mimi," akasema. Na kwa kuwa alikuwa mtu mwenye heshima mjini, alipiga simu ofisi ya wakimbizi, akasema huyu mtu namjua, namtumia. Toka hapo Nestori hakusimama tena kwenye foleni. Kibali kilitoka. Spesiosa akawa na uhakika wa mumewe kumpelekea uji kila asubuhi, na nilipomtembelea wodini aliniambia kwa sauti yake ya kukwaruza, "Mama Tabu, Imana ametuona." Nami niliamini hivyo, kwamba Mungu amewaona.

Sasa nifike kwenye draiva yenyewe.

Binamu yake Bwana Mhandisi alirudi kutoka Nairobi na draiva tatu za chuma ili huyo Mhandisi achague moja. Jumamosi iliyofuata wanachama walijaa. Zililazwa kwenye nyasi, na Nestori akaambiwa azijaribu zote mbele ya watu.

Hapa tena nieleze kidogo, kama Nestori alivyonifundisha stoo. Draiva hazifanani hata zikifanana. Kuna mlalo wa uso, yaani uso umeinama kiasi gani kuelekea angani, nao hupimwa kwa digrii. Uso uliosimama zaidi unarusha mpira chini na mbali, lakini unataka mtu mwenye kasi kubwa ya mkono. Uso uliolala zaidi unamwinulia mpira yule mwenye mkono wa taratibu. Halafu kuna mpini. Mgumu ni wa mwenye kasi, laini ni wa asiyenayo. Ukimpa mtu wa taratibu mpini mgumu na uso uliosimama, mpira wake utakwenda chini na kukata kulia, kila mara, hata apige akiwa amefunga saumu.

Nestori alipiga ya kwanza, ikaenda vizuri. Ya pili, yenye uso uliolala na mpini laini, ikapanda juu sana kwake. Ya tatu, nyeusi, ngumu, uso umesimama kama ukuta, ikaupeleka mpira mpaka watu wakapiga makofi.

Bwana Mhandisi akaiokota ile nyeusi. Aliishika kama mtu aliyepewa mtoto wake wa kwanza. "Hii," akasema. "Au unasemaje, mwalimu?"

Kila mtu alimgeukia Nestori. Mimi nilikuwa nimemwona Bwana Mhandisi akipiga kwa miaka. Mkono wake ulikuwa wa taratibu, mkono wa mtu mkubwa mwenye mgongo mbovu. Nilijua jibu, na nilijua Nestori analijua zaidi yangu.

"Ni nzuri sana, mzee," Nestori alisema. "Ni ya mtu mwenye nguvu."

Tulipobaki stoo peke yetu nilimwuliza, "Mbona hukumwambia achukue ya pili?"

Alikuwa akiviringisha kitambaa cha kufutia fimbo, akakifungua, akakiviringisha tena. "Mama, mgeni anayelala kwa watu hasemi mboga ina chumvi."

"Lakini ataumbuka."

"Nitamfundisha. Nitamtafutia kasi. Mwezi mmoja unanitosha."

Hakika alijaribu. Kila jioni walikuwa pale, Nestori akimshika kiuno, akimwambia ageuze bega, asubiri, aachie. Mpira ulikwenda chini na kukata kulia, chini na kulia. Bwana Mhandisi alianza kutembea akijishika mgongo. Nestori alianza kukonda, na kwa mwili ule sikujua alikuwa anapunguza nini. Niliwasikia jioni moja.

"Kosa liko wapi, mwalimu?"

"Ni muda tu, mzee. Inakuja."

"Inakuja," Bwana Mhandisi alirudia, kama mtu anayejaribu nguo asiyoipenda.

Kisha ikaja mechi kati ya klabu na watu wa mashirika. Nahodha ndiye anayefungua mchezo. Bwana Mhandisi aliweka mpira juu ya tii mbele ya wageni, wake zao, na maafisa waliotoka Dar es Salaam. Mpira ukaingia korongoni. Sheria inaruhusu uweke mwingine kwa adhabu. Akaweka. Korongoni. Akaweka wa tatu, nami nikaangalia ziwa nisione. Nilisikia tu mtu mmoja akicheka, akajifanya anakohoa.

Baada ya mechi alikuja stoo. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha. Aliilaza ile draiva juu ya meza yangu, akamwangalia Nestori.

"Nijibu kama mwanamume. Siku ile ulijua kwamba hainifai?"

Nestori aliniangalia mimi, kisha akaangalia chini. Angeweza kusema hapana. Nadhani alichoka kusema uongo wa kumpendeza mtu.

"Nilijua, mzee."

"Tangu siku ile?"

"Tangu siku ile. Nisamehe. Niliogopa."

"Uliniogopa mimi? Mimi niliyekutetea?" Sauti ya Bwana Mhandisi ilipasuka kidogo. "Mwezi mzima unaniambia inakuja. Ungeniambia ukweli ningekusikiliza."

Angemsikiliza? Nimejiuliza miaka yote hii. Alikuwa mtu mwema kwa namna yake. Labda angemsikiliza. Labda angeona mkimbizi anamdharau mbele ya watu. Nestori naye hakuwa na njia ya kujua, na aliyekuwa akilala wodini hakuwa mke wa mtu mwingine.

Bwana Mhandisi hakumfukuza. Aliacha tu kumtaja. Mwezi ulipoisha hakupiga simu, na Nestori akarudi kwenye foleni. Bahati mbaya ndipo ilipotoka amri kwamba wakimbizi wote walioko mjini warudi kambini, na vibali vikasimamishwa. Msako wa polisi ulipita Mwanga, ukapita Kibirizi sokoni kati ya wapakiaji wa dagaa, ukafika mpaka kwetu. Walimkuta Nestori stoo akipaka vanishi. Aliomba apite hospitali kwanza. Wakamwambia aeleze hayo huko aendako. Alipanda gari akiwa bado na brashi mkononi, akanirushia, ikaanguka nyasini. Alisema neno moja tu, "Ntakundi," neno la kwao la mtu ambaye njia zote zimefungwa.

Nilikwenda mwenyewe ofisini kwa Bwana Mhandisi. Nilivaa kitenge changu kizuri, nikamwamkia, nikamweleza habari ya Spesiosa.

"Bi Tabu," akasema, "amri hii haikutoka kwangu."

"Najua, mzee. Lakini neno lako lina uzito."

"Lilikuwa nalo. Sasa hata mimi nikipiga simu wataniambia hakuna ruhusa kwa yeyote." Alishika kalamu, akaiweka. "Na huyo bwana hakuniamini. Mimi nitamwaminije?"

Sijui kama kweli simu ingesaidia. Hakupiga, kwa hiyo hakuna anayejua.

Uji wa Spesiosa niliupeleka mimi. Nilimdanganya kwamba mumewe amekwenda kambini kwa siku chache kuandikishwa upya. Alinitazama kwa macho makubwa ya mgonjwa. "Mama, hujui kusema uongo," akaniambia. "Yeye pia hajui." Alikufa mvua za kwanza zilipoanza, mchana, mimi nikiwa nimekwenda bombani kusuuza kikombe. Mimi ni Mwislamu, yeye alikuwa Mkatoliki. Nilimwita katekista, na wanawake wa kigango chake wakaja. Tulimzika tukiwa wachache kwenye tope. Habari zilipelekwa kambini kwa mdomo, kutoka dereva hadi dereva.

Nestori alipata ruhusa ya siku moja baada ya maziko. Nilimpeleka kaburini. Alikaa chini, akaweka kiganja kwenye udongo, akakaa hivyo muda mrefu. Nilitaka aseme kitu, hata anilaumu. Tulipoondoka aliniuliza tu mkewe alikula nini siku ya mwisho. Nikamwambia uji wa ulezi, vijiko viwili vitatu. Akatingisha kichwa.

"Asante, mama. Urakoze cane."

Ilipotangazwa kwamba kwao kumetulia na watu wanaweza kurudi, nilisikia alikuwa kwenye kundi la mwanzo. Wengine waliniambia hapana, alikimbilia Kongo. Wengine wakaniambia mambo mabaya yaliyowapata wale wa kundi la mwanzo. Nilikwenda gatini mara nyingi boti zilipokuwa zikipakia watu. Sikumwona.

Bwana Mhandisi alihamishwa mwaka uliofuata. Siku ya kuaga aliniletea ile draiva nyeusi, akasema niiuze au niitupe. Hatukutazamana. Katibu alifariki, mashirika yakapungua kadiri kambi zilivyofungwa, wachezaji wakabaki wanne, kisha wawili. Mwisho mwenyekiti mmoja ambaye hakuwa akicheza kabisa aliniita barazani, akanishukuru kwa utumishi, akaniambia klabu imefungwa. Sasa ule mteremko umejaa viwanja vya nyumba. Mahali pa brauni ya tatu pana mtu kajenga fremu za maduka, na mvua ikinyesha oili ya zamani bado inapanda juu, inatoa rangi kwenye madimbwi.

Vijana huniuliza kama najivunia kazi yangu. Nilijifunza kazi mbili: ya uzi, ambayo chuma kiliiua, na ya kumjua mchezaji kwa mkono wake, ambayo haikumsaidia aliyenifundisha. Mikono yangu sasa inatetemeka, siwezi hata kutia uzi kwenye sindano ya nyavu. Watu husema mzee hupata amani akishatua mzigo. Mimi sijaipata. Nimezoea tu.

Juzijuzi alikuja nyumbani kwangu Ujiji afisa mmoja wa benki aliyehamishiwa hapa kutoka Arusha. Alisikia kwamba zamani nilitunza fimbo za gofu, naye alianza kucheza huko Arusha, anataka kununua draiva. Aliniamkia vizuri, akaketi kwenye mkeka. Nilimweleza yote: asitazame rangi, asitazame jina, asichague ile ambayo fundi anaipiga mbali, apige yeye mwenyewe mipira mingi, auangalie mlalo wa uso na ugumu wa mpini, na kama anaye mwalimu, amwambie mapema kwamba anataka ukweli.

Alishangaa. "Bibi, haya yote nani alikufundisha?"

"Mtu wa Bujumbura. Aliitwa Nestori."

"Yuko wapi sasa?"

"Sijui."

Aliinamisha kichwa, kwa adabu. Kisha akasogeza simu yake karibu na macho yangu, zikaonekana draiva mbili, moja nyekundu na moja ya buluu, akaniuliza mimi ningechukua ipi.

Nikavaa miwani, na ingawa sikuwahi kuuona mkono wake, nikamchagulia.